Faili la .ost limegoma kufunguka: barua za 2018 zimo au hazimo?

Swali: Kaka, habari za kazi. Niko kwenye kampuni ndogo ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam. Mwaka 2021 tulihamisha barua pepe za ofisi kwenda kwa mtoa huduma mwingine. Anwani zikabaki zilezile, na yule wa zamani tukaacha kumlipa. Laptopu ya meneja wetu aliyestaafu haiwaki tena. Fundi ametoa diski na kuiweka kwenye kasha la USB. Ndani nimekuta faili la .ost lenye GB 9.4. Nikilibofya, Outlook inasema haiwezi kulifungua. Nimelibadilisha jina likawa .pst, sasa inasema hilo si faili la Outlook. Nahitaji barua za 2018 na 2019 za mteja tunayedaiana naye, wakili ameziomba. Fundi mmoja Kariakoo anataka laki tatu, mwingine ameniambia nilipakie kwenye tovuti inayobadilisha bure. Nifanyeje?

Jibu: Nzuri, dada yangu, na pole kwa usumbufu. Kabla ya yote, usiendelee kulibofya, lirudishie jina lake la .ost, na usikubali mtu akuambie "lifute tu, litajitengeneza upya". Ushauri huo wa kufuta ni sahihi kabisa kwa mtu ambaye barua zake bado ziko kwenye seva, na utauona hata kwenye kurasa za msaada za Microsoft. Seva yenu ya zamani haipo tena, kwa hiyo ukifuta umefuta nakala ya mwisho.

Faili la .ost ni nakala tu. Outlook ikiwa na akaunti ya Exchange (mfumo wa barua pepe wa Microsoft kwa maofisi) au Microsoft 365, na kuanzia toleo la 2013 hata akaunti ya IMAP (njia ya kusoma barua zinazobaki kwenye seva), huweka nakala ya barua kwenye diski ili mtu aweze kusoma na kuandika hata intaneti ikikatika. Kwa kawaida nakala hiyo hukaa ndani ya C:\Users\jina\AppData\Local\Microsoft\Outlook, na folda ya AppData imefichwa, ndiyo maana wengi hawajui hata kwamba ipo. Akaunti za POP, ambazo hushusha barua kwenye kompyuta, pamoja na kumbukumbu ambazo mtu amezihifadhi mwenyewe, hukaa kwenye .pst. Hapo ndipo tofauti ilipo: .pst inahesabiwa kuwa mali inayojitegemea, unaweza kuibeba kwenye flashi na kuifungua popote. Faili la .ost linahesabiwa kuwa kivuli cha seva, limefungwa na kisanduku na profaili (mpangilio wa akaunti ndani ya Outlook) iliyolizaa, na Outlook haina menyu yoyote ya kufungua .ost yatima. Ikikosa profaili ile, inakataa.

Lakini anayekataa ni Outlook. Faili lenyewe halina ubishi. Utasikia mafundi wakisema .ost imesimbwa kwa ufunguo wa Windows ya zamani na bila laptopu ile hakuna kitu. Si kweli. Kinachofanyika ndani ni kila baiti (kipande kidogo cha data, kama herufi moja) kubadilishwa na nyingine kwa kufuata jedwali moja lisilobadilika, na jedwali hilo Microsoft yenyewe ililichapisha mwaka 2010 ilipoweka wazi muundo wa .pst. Ni pazia tu la kuzuia mtu asisome barua kwa kufungua faili kwenye Notepad. Mwenye faili ana barua. Habari hiyo ni njema kwako leo, na ni mbaya siku diski kama hiyo ikiangukia mikononi mwa mtu mwingine.

Kubadilisha jina kumeshindikana kwa sababu Outlook haitazami herufi tatu za mwisho wa jina, inatazama baiti za mwanzo wa faili. Mafaili yote mawili huanza na alama ileile ya herufi nne, !BDN. Ukisogea hadi baiti ya tisa na ya kumi, .pst ina herufi SM na .ost ina SO. Ukiandika .pst kwenye jina, ndani bado imeandikwa SO. Kumbuka baiti hizo, tutazihitaji.

Sasa swali ambalo hakuna fundi aliyekuuliza: una uhakika barua za 2018 zimo humo? Kuanzia Outlook 2013, akaunti za Exchange zina kitelezi kinachoamua barua za kurudi nyuma kiasi gani zihifadhiwe kwenye kompyuta, na kwa diski ya kawaida kisipoguswa hukaa kwenye miezi 12. Barua za kabla ya hapo zinabaki kwenye seva peke yake. Ikiwa mlikuwa mnatumia Exchange, kitelezi hakikuguswa, na laptopu iliunganishwa mara ya mwisho katikati ya 2021, basi ndani ya faili mna barua za katikati ya 2020 kuja mbele. Hapo hata alipwe nani, za 2018 hazitatoka. Kwa IMAP, ambayo ndiyo kawaida kwa kampuni ndogo zinazolipia nafasi kwenye seva ya mtu, mara nyingi barua zote hushushwa, na uwezekano wako ni mzuri.

Usidanganywe na ukubwa. GB 9.4 inaweza kuwa miaka sita ya barua, au mwaka mmoja wa nyaraka za shehena zilizoskaniwa kwa rangi. Tena faili hili halipungui papo hapo mtu anapofuta barua: nafasi inabaki wazi ndani yake, ikisubiri kujazwa. Kwa hiyo tusikisie, tutachungulia.

Wakati unajiandaa kuchungulia, piga simu kadhaa. Mtoa huduma wa zamani mwulize kama ana nakala rudufu ya akaunti yenu. Baada ya miaka hii nisingeweka matumaini, lakini kuuliza ni bure. Kwa wasomaji wengine ambao tatizo lao ni la wiki iliyopita, hapa ndipo pa kuanzia na si kwenye faili: Microsoft 365 humrudisha mtumiaji aliyefutwa ndani ya siku 30 pamoja na kisanduku chake, na Google Workspace ndani ya siku 20. Mkuu wa akaunti akibonyeza mapema, hakuna haja ya utaalamu wowote. Kisha waulize waliokuwa wakinakiliwa kwenye barua zile: mhasibu, wakala wa meli, dereva mkuu. Barua moja ya ofisini huwa na nakala nne au tano kwenye visanduku tofauti, na ya mtu mwingine ina uzito uleule.

Diski hiyo pia ichambue vizuri. Kuna uwezekano meneja alikuwa na .pst mahali pengine, hasa kwenye Documents\Outlook Files, ambako Outlook ilikuwa na tabia ya kuweka kumbukumbu za zamani kwa jina la archive.pst. Na kama Windows iliwahi kuwekwa upya juu ya ile ya zamani, folda ya Windows.old inaweza kuwa na .ost nyingine ya zamani zaidi, ingawa Windows 10 huifuta yenyewe baada ya siku 10. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), chukulia diski ya USB ni E, uandike:

dir E:\*.ost E:\*.pst /s /b /a

Ile /a ya mwisho ndiyo inayolazimisha na zilizofichwa zionekane. Ikikuambia huna ruhusa kwenye folda ya meneja, fungua dirisha la amri kama msimamizi. Ikikataa bado, ifungue folda hiyo kwanza kwa kawaida, ubofye kuendelea Windows inapouliza, kisha urudie.

Baada ya hapo nakili. Hapa watu wengi hukwama kwa jambo dogo: flashi nyingi zinauzwa zikiwa na mfumo wa FAT32, na FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4 hata flashi iwe na GB 64 tupu. Lako ni GB 9.4. Iumbize flashi kwa exFAT, au tumia diski ya nje. Ukinakili, ikasimama katikati na kulalamika kuhusu kusoma, au ukasikia diski inagonga-gonga, zima papo hapo. Tatizo lako wakati huo si Outlook tena, ni diski inayokufa, na kila jaribio linaimaliza. Mpelekee anayejua kutumia ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, achukue picha ya diski nzima kwanza.

Ikimaliza salama, chukua alama ya kidole ya faili la asili na ya nakala (hapa nimeliita zamani.ost, wewe weka jina la lako na mahali lilipo):

certutil -hashfile E:\zamani.ost SHA256

Itakutolea mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Ya nakala ikilingana na ya asili, hakuna baiti iliyopotea. Iandike kwenye karatasi, weka tarehe, mpe wakili. Nitaeleza sababu. Kuanzia hapo diski ya asili iingie kabatini, kazi zote zifanyike kwenye nakala.

Njia atakayokupendekezea fundi mzoefu ni hii: tafuta laptopu inayofanana na ile, weka diski ya meneja, iwashe, fungua Outlook yake mwenyewe, kisha toa barua kama .pst. Kwenye karatasi ni njia nzuri kuliko zote, kwa sababu profaili ya asili ipo na Outlook haina sababu ya kukataa. Windows 10 mara nyingi huwaka hata ikihamishiwa mashine nyingine. Lakini kwenu kuna mtego, na umekaa vizuri kwa sababu anwani zenu hazikubadilika.

Fikiria kinachotokea. Outlook ya meneja ina jina la seva, tuseme mail.kampuniyenu.co.tz, na nywila yake. Mwaka 2019 jina hilo lilielekea kwa mtoa huduma wa zamani. Leo linaelekea kwa mpya, na Outlook haijui lolote kuhusu kuhama kwenu. Laptopu ikipata Wi-Fi ya ofisi, inabisha hodi, seva mpya inaitika. Nywila ikiwa ni ileile, na ofisi nyingi huendelea na ileile, inaruhusiwa kuingia. Sasa, katika IMAP kila folda kwenye seva ina namba ya utambulisho iitwayo UIDVALIDITY. Programu ya barua huikumbuka namba hiyo. Seva ikitoa namba tofauti, maana yake ni kwamba folda hii si ile, na kila ulichokuwa umekihifadhi hakiaminiki: kitupe, anza upya. Seva mpya itatoa namba tofauti. Outlook itatii. Itaondoa barua za zamani na kushusha zilizopo kwenye seva mpya, yaani za 2021 kuja huku. Hakuna onyo litakalotokea, hakuna kosa litakaloandikwa. Utaona upau mdogo wa kijani chini ukisogea, ukidhani inafungua barua, kumbe inazifuta. Kwa akaunti ya Exchange hatari ni ndogo, kwa kuwa Outlook ikikuta kisanduku ni kingine kwa kawaida huiacha .ost ya zamani ilivyo na kutengeneza mpya pembeni. Kwa IMAP, usithubutu.

Kwa hiyo fundi akitaka njia hii, masharti yawe mawili: afanye kwa diski iliyonakiliwa, si ya asili, na mashine isiwe na waya wala Wi-Fi kabla hata Windows haijawaka. Akiifungua Outlook ikaomba nywila, abonyeze "Cancel". Aende kwenye kichupo cha "Send / Receive" abonyeze "Work Offline", chini iandike kwamba haiko hewani. Hapo ndipo aende "File", "Open & Export", "Import/Export", achague kutoa kwenda kwenye faili la .pst, aweke alama kwenye kisanduku chote cha juu kabisa na folda ndogo zake. Itakapouliza nywila ya .pst, aache wazi. Nywila hiyo hailindi chochote, ila huwa inasahaulika.

Mimi kwa hali yako nisingeanza na hiyo. Ningeanza na programu isiyohitaji Outlook, isiyohitaji profaili, na isiyoandika hata baiti moja kwenye faili: pffexport. Inatokana na mradi wa libpff wa Joachim Metz, mtaalamu wa uchunguzi wa kompyuta, ni ya bure, na inasoma .pst na .ost za vizazi vyote, pamoja na zile za Outlook 2013 kuja mbele ambazo zimebanwa ndani. Kasoro yake ni kwamba haina madirisha wala vitufe, ni ya kuandika amri. Kama hujawahi, kaa na kijana wenu wa kompyuta. Kwenye Windows 10 au 11 fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika wsl --install, amri inayoweka Ubuntu (aina ya Linux) ndani ya Windows, subiri ijisimike, uanzishe mashine upya, kisha ndani ya Ubuntu:

sudo apt update
sudo apt install pff-tools xxd

Nakala ya faili iweke kwenye diski C, tuseme kwenye folda ya C:\kazi, maana kwa Ubuntu hiyo itaonekana kama /mnt/c/kazi. Nenda humo kwa kuandika cd /mnt/c/kazi, kisha kabla ya kitu kingine chochote tazama baiti 16 za mwanzo:

xxd -l 16 zamani.ost

Unatarajia kuona 2142 444e, yaani !BDN, kisha baiti nne ambazo hazitusaidii, kisha 534f, yaani SO. Mbele yake kukiwa na 1700, faili ni la muundo wa Unicode ulioanza na Outlook 2003. Kukiwa na 2400, ni la muundo mpya wa 2013 na kuendelea. Ukikuta 0e00 au 0f00, hiyo ni ya kale zaidi, isiyoweza kuzidi GB 2, na kwa faili la GB 9.4 kuna jambo haliko sawa. Ukikuta sifuri tupu mstari mzima, simama. Faili lina jina na ukubwa, lakini mwanzo wake hauna kitu, jambo la kawaida kwa mafaili yaliyotolewa kwenye diski iliyoumizwa. Rudi kwenye diski kutafuta nakala nyingine kabla ya kumpa mtu pesa.

Mstari ukiwa mzuri:

pffinfo zamani.ost
pffexport -m all -t matokeo zamani.ost

Ya kwanza inathibitisha aina ya faili. Ya pili ndiyo kazi yenyewe. Kwa GB 9.4 iache iende, kanywe chai. Itazaa folda hadi tatu: matokeo.export yenye barua za kawaida, matokeo.recovered yenye barua zilizokuwa zimefutwa lakini nafasi yake haijajazwa, na matokeo.orphans yenye vipande visivyojulikana vilikotoka. Hiyo ya pili ni zawadi ambayo njia ya Outlook haikupi. Wengi hushtuka kukuta humo barua walizodhani zilishakwenda.

Ndani ya matokeo.export utapita Root - Mailbox, kisha IPM_SUBTREE, ndipo uone Inbox na folda za meneja kwa majina aliyozipa. Kila barua ni folda ndogo: Message00001, Message00002, na kuendelea. Ifungue moja. Kuna Message.txt au Message.html, ambayo ni maneno yenyewe, Recipients.txt, waliotumiwa; OutlookHeaders.txt, yenye mada na saa; InternetHeaders.txt, njia iliyopitia. Na folda ya Attachments, viambatisho. Tahadhari na saa: zimeandikwa kwa UTC, saa tatu nyuma ya saa zetu. Barua iliyofika saa tatu asubuhi itasomeka 06:00, na iliyotumwa saa saba usiku itaonekana ya jana yake. Wakili wa upande wa pili anaweza kuifanya hoja, basi mweleze wakili wako mapema.

Hapo ndipo utajua kama 2018 imo:

grep -rl "2018" --include=OutlookHeaders.txt matokeo.export | wc -l

Ikirudisha sifuri, jaribu amri ileile kwenye matokeo.recovered; na hapo ikiwa sifuri, pengine kitelezi kilikuwa kwenye miezi 12, ongeza nguvu kwa wale walionakiliwa. Ikirudisha namba kubwa, tafuta mteja kwa jina au kwa anwani yake. Kwa kazi yenu kuna njia kali zaidi: namba ya kontena huwa herufi nne na tarakimu saba, basi itafute hiyo moja kwa moja. Jaribu pia ikiwa na nafasi kati ya herufi na tarakimu, kila mtu anaandika anavyojua. Hati zilizoskaniwa hazitatafutika kwa grep, ni picha, itabidi uzifungue kwa macho.

Programu nyingine ya bure, readpst, hutoa barua kama mafaili ya .eml ambayo Thunderbird inayafungua vizuri. Ilitengenezwa kwa .pst, na ingawa matoleo ya karibuni yanajaribu .ost, mimi huitumia tu pale mtu anapotaka kusoma kwa starehe. Thunderbird peke yake haifungui .ost. Outlook mpya ya Windows, ile iliyochukua nafasi ya programu ya Mail, haina .ost kabisa, usihangaike nayo.

Kuna pia scanpst.exe, inayokuja na Outlook, ndani ya Program Files\Microsoft Office\root\Office16 kwa matoleo ya karibuni. Inatengeneza mafaili yaliyoharibika. Kumbuka inatengeneza kwa kukata: kisichoeleweka huondolewa ili kilichobaki kisimame. Iendeshe kwenye nakala ya nakala tu, na ikiwa tu pffexport imeshindwa. Haitakusaidia kufungua .ost yatima, hata ikisema imemaliza salama.

Kuhusu wakili. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki, na katika kuupima mahakama hutazama jinsi ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa, na kama haujaguswa. Ndiyo sababu ya ile alama ya kidole kwenye karatasi na diski kabatini: mtu akiuliza barua ilitoka wapi, unaonyesha mnyororo mzima. Usichapishe Message.txt peke yake, toa na InternetHeaders.txt yake, inayoonyesha seva zilizopokea na saa. Ila barua alizotuma meneja kwa kawaida hazitakuwa na InternetHeaders kamili, kwa kuwa hazikupita njia hiyo kumrudia. Kuthibitisha kwamba mteja alipokea ankara, tafuta majibu yake yaliyonukuu barua ya meneja chini, au barua yoyote ambamo mfanyakazi mwenzako alinakiliwa, maana iliyomfikia yeye ina njia kamili.

Ile tovuti ya bure, hapana. Humo mna nakala za pasipoti za wateja, TIN, akaunti za benki, bei. Nimekuambia mwenye faili ana barua. Ukipakia, umeshampa. Na tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi, anayewajibika kwa taarifa za wateja ni kampuni yenu na wala si tovuti. Ukiacha hayo yote, GB 9.4 za kupandisha zitamaliza bando la ofisi kabla hazijafika.

Laki tatu za fundi si nyingi wala si kidogo, inategemea anafanya nini. Programu za kulipia za kubadilisha .ost kuwa .pst zipo nyingi, na karibu zote zina toleo la majaribio linaloonyesha folda zote na kukuruhusu kusoma barua, ila linazuia kutoa. Hilo linakutosha kuamua. Aje ofisini kwenu na programu yake, afanyie kazi nakala mliyoiandaa, asiondoke nayo. Akuonyeshe kwenye skrini barua tano za 2018 ulizochagua wewe, viambatisho vifunguke. Ikiwa unataka kuzirudisha zote ndani ya Outlook zikae kwenye folda zake kama zamani, kazi hiyo inastahili kulipwa, kwa sababu pffexport haikupi .pst. Ikiwa unachotaka ni barua thelathini za mteja mmoja kwa ajili ya wakili, huhitaji kulipa.

Ukikwama njiani, niandikie ule mstari wa xxd na majibu ya pffinfo, pamoja na toleo la Outlook alilokuwa akitumia meneja. Faili lenyewe usinitumie.